Hasira Yangu Siitoi

Jirani yetu Lyakame anasema ni mimi niliyeozesha kidonda cha shemeji yangu, Pyaso. Anavyosimulia, Pyaso alipopasuliwa utumbo mwaka jana nilikuwa na hasira nimeifungia moyoni, na usaha ulianza kutoka mara tu nilipoingia wodini na sufuria ya viazi. Anasema aliuona kwa macho yake. Siku hiyo Lyakame alikuwa kwao, ng'ambo ya mto Lai, akipanda vitunguu.

Nilichokiona mimi ni hiki. Mama mkwe alizuia sindano ya kuua vijidudu mpaka ukoo mzima uje utoe hasira zake, mmoja mmoja, kama tufanyavyo mtu akitaka kupasuliwa. Waliongea mpaka utumbo ukatoboka. Pyaso akakimbizwa kwenye kisu bila dawa hiyo, na kidonda kikakaa wazi mpaka viazi vipya vikakomaa.

Safari hii alikuwa mume wangu, Yakasa. Alikula nguruwe wa sherehe, tumbo likavimba, likawa gumu kama ubao. Sista Delma alisimama na sindano mkononi.

"Hii ya kuua vijidudu iingie kabla ya kisu," alisema. "Utumbo ukishafunguliwa, uchafu wake hausubiri mtu."

Mama mkwe alikuwa ameukumbatia mkono wa Yakasa chini ya blanketi. "Mkwe wangu atoe hasira kwanza. Anayo, naijua."

"Ninayo, mama," nikasema. "Nguruwe niliyemlea mimi, ukawapa kaka zako bila kuniuliza."

"Haya, umesema. Nipe mkono, yaishe."

"Hayaishi."

Mashangazi wakaguna. "Huyu anautaka ujane," mmoja akasema.

"Ngojeni basi nife," Yakasa akasema, macho kayafumba, "halafu mumgombanie huyo nguruwe vizuri."

"Hasira nabaki nayo," nikawaambia wote. "Yeye achomwe dawa sasa hivi. Kidonda kikioza, nifukuzeni, na Lyakame mwiteni ashuhudie. Kikipona na hasira yangu ikiwa humu humu, basi mtu asinitajie tena kidonda cha Pyaso."

Kitanda cha magurudumu kilikuwa kimeshafika mlangoni.

Nikainama mpaka uso wangu ukawa karibu na wa mama mkwe. "Mama, naomba uutoe mkono wake nje ya blanketi, Sista amchome."

Akanitazama. Vidole vyake bado vilikuwa vimemshika Yakasa.