Mlango wa Chumba cha Seva
Saa nne asubuhi, fundi wa kompyuta wa hospitali alimaliza kusasisha programu ya majibu ya maabara, akaiwasha seva upya, akaenda mlangoni atoke akanywe chai. Akagusisha kadi yake. Taa ikawaka nyekundu. Akarudia, nyekundu. Kufuli lile liliendeshwa na seva ileile, na seva ilikuwa haimtambui tena.

Simu ikaita. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto.

"Mwanangu, kompyuta zote zinasema 'huna ruhusa'. Nina kichanga anasubiri damu, na kundi lake silioni. Maabara nao hawalioni. Kumchoma tena siwezi, mishipa imegoma."

"Nipe dakika tano, mama."

Chumba hakikuwa na dirisha. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Sasisho lilikuwa limewanyang'anya watu wote haki ya kufungua mafaili, yeye akiwemo. Kila amri aliyoandika ilirudi na jibu lilelile: huna ruhusa. Mkuu wake alikuwa safarini, simu imezimwa. Jasho likamtoka mpaka viganjani.

Ilibaki akaunti moja tu yenye mamlaka, ya mzee aliyemtangulia kazini. Mzee alipostaafu, fundi aliagizwa aifute, akatia saini na kumwambia mzee kwamba ameifuta. Alikuwa amesahau, na baadaye akaona haya kusema.

Akampigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

"Nimefungiwa chumba cha seva. Akaunti yako bado ipo. Naomba nywila."



"Uliniambia umeifuta."

"Nilikudanganya."

"Haya, andika," mzee akasema, akamtajia herufi moja moja.

Akarudisha haki za mafaili, folda baada ya folda, huku simu ikiendelea kuita kila dakika. Hatimaye kufuli likalia, likafunguka. Hakutoka. Alisubiri wodi ipige kwanza.

"Tumeyaona majibu, mwanangu. Damu inaletwa."

Ndipo akakaa sakafuni, mlango ukiwa wazi.

Mchana huo alimwandikia mkuu wake taarifa, na ile saini ya uongo hakuificha. Akavuliwa usimamizi wa seva kwa miezi mitatu, akawa wa kubadilisha wino wa printa mawodini. Kichanga alipona. Fundi alimpigia mzee mara mbili kumshukuru. Simu iliita mpaka ikakatika, mzee hakupokea.