Changamoto Namba Tatu

Flashi ya Eliakimu ilikuwa na virusi tena. Mwanvua aliichomoa kwenye kompyuta, akaiweka mezani na kuisukuma kwa kidole mpaka ikamfikia mwenyewe.

"Mwenyekiti wa kamati ya wahitimu," alisema. "Leo ndiyo mahafali. Saa nane unasoma risala mbele ya mgeni rasmi. Sasa hivi saa tatu, na risala huna."

"Shikamoo, Mama Asia."

"Marahaba. Shikamoo haifungui faili."

Eliakimu, kijana mrefu wa kijiji cha Kalinzi asiyejua kukasirika, alicheka na kutoa karatasi mfukoni. Ilikuwa risala ileile aliyoichapa Mwanvua wiki iliyopita, ila sasa ilikuwa imepitia ofisini kwa Bwana Pastory, afisa itifaki wa chuo, ikatoka na wino mwekundu. Changamoto namba tatu ilikuwa imekatwa kwa mistari miwili, maana mmoja labda ungepuuzwa. Pembeni bwana yule ameandika: Imejirudia. Iondolewe. Ongeza shukrani kwa uongozi.

Changamoto namba tatu Mwanvua aliijua kwa moyo. Ilihusu korongo lililo kati ya madarasa na bweni la wasichana. Kiangazi unalivuka kwa kuruka tu. Masika linajaa maji mekundu yanayoshuka kwa kasi kuelekea ziwani, na wasichana wanavuka juu ya magogo mawili waliyoyalaza wenyewe. Ombi lilikuwa kidaraja. Si barabara, si jengo la ghorofa, kidaraja cha mtu kupita na madaftari yake.

"Imejirudia," alisema Mwanvua. "Kwani imejibiwa?"

"Mama, mimi nimeambiwa tu. Itoe, nichapie, niwahi joho langu." Alisema hivyo akiangalia sakafu. Mwaka ule wa mvua kubwa yeye mwenyewe aliwavusha wasichana mgongoni mpaka suruali yake ikaoza.

"Nenda. Rudi saa saba na nusu."

Akaenda. Mwanvua akabaki na mashine yake ya fotokopi, ambayo haianzi kazi mpaka uipige ubavuni, na ile kompyuta aliyokuwa akiifunika kwa kitenge kila jioni kabla ya kurudi Ujiji. Kibanda chake cha steshenari kilitazamana na geti la chuo. Mitihani ya majaribio, matangazo, barua za onyo, zote zilichapwa hapo, na zote zilipita kwanza mkononi mwa Pastory. Akitaka kukupa kazi anakupa. Akitaka kuihamishia mtaa wa Buzebazeba kwa mtu mwingine, anaihamisha siku hiyohiyo, na wewe ubaki ukipiga mashine ubavuni kwa kujifurahisha.

Kwa hiyo alifuta. Aliipaka rangi changamoto namba tatu, akabonyeza, ikatoweka. Namba nne ikapanda juu yenyewe ikawa tatu. Mambo ya kompyuta mepesi hivyo, na yanaudhi.

Simu ikalia. Ilikuwa Asia, bintiye, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayelala kwenye lile bweni.

"Mama, leo sipiti dukani. Maji yamejaa korongoni. Gogo moja limechukuliwa, limebaki moja. Tunasubiri yapungue."

"Subirini mpaka kesho."

"Mama, mimi niko kamati ya mapokezi. Nimeshavaa na ule utepe. Mgeni akija sipo, Bwana Pastory ataniandikia barua."

"Aandike. Nitaichapa mimi mwenyewe. Asia, usivuke."

"Haya, mama."

Mwanvua aliijua haya hiyo. Ilikuwa haya ya mtu aliyekwisha kuamua lake. Wiki iliyopita mtoto huyo alikuja na kiwiko kimechubuka, akasema kaanguka bafuni. Bafuni gani penye udongo mwekundu?

Alikaa akitazama kioo cha kompyuta. Kisha akafungua kabrasha lake la zamani. Risala zilikuwa humo zote, moja kila mwaka, tangu mwaka 2014. Zilikuwamo pia taarifa za mahafali, maana kila baada ya sherehe ofisi humletea azichape, na ndani yake majibu ya mgeni rasmi yameandikwa neno kwa neno. Aliyasoma yote. Wageni kumi na mmoja, wengine wa serikali, wengine wa dini, mmoja mfanyabiashara, na wote walikuwa na jibu moja kama waliokaa darasa moja: nimezipokea.

Alijua anachotaka kufanya si kizuri. Maneno ni ya wahitimu, si yake. Alijua pia kwamba Eliakimu husoma chochote kilicho kwenye karatasi. Mwaka jana, kwenye kuwakaribisha wanafunzi wapya, Mwanvua alimwandikia GEUZA chini ya ukurasa, na kijana akasoma mbele ya watu wote: "Karibuni sana, geuza."

Akaanza kuchapa.

Saa nane kasoro robo Eliakimu alikuja mbio, joho limefungwa vifungo kombo, akaikunja risala bila kuitazama na kukimbia nayo. Mwanvua akafunga kibanda, akaenda kusimama pembeni ya turubai. Alitafuta mabinti wa mapokezi. Walikuwa wawili tu, wale wanaokaa mjini. Asia hakuwepo, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua.

Mgeni rasmi, mzee mnene aliyetoka mbali, alipewa kipaza sauti asalimie. Akataka kuwafurahisha wenyeji. "Mwakeye," akasema, salamu ya Kiha ya asubuhi, wakati jua limeshaelekea Kongo. Wazazi wa Kalinzi wakamwitikia kwa adabu wakiangaliana.

Kisha Eliakimu akaitwa. Akaanza vizuri, itifaki ikazingatiwa, shukrani kwa uongozi zikasomwa, Pastory akatikisa kichwa kwa kuridhika. Changamoto namba moja, vitabu. Namba mbili, mtandao.

"Changamoto namba tatu. Korongo lililo kati ya madarasa na bweni la wasichana halina kivuko. Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi hili si geni. Mwaka 2014 lilisomwa hapa, likapokelewa. Mwaka 2015 lilisomwa hapa, likapokelewa."

Yeye asomaye kila kitu akaacha kusoma. Macho yake yalitoka kwenye karatasi, yakazunguka turubai mpaka yakamkuta Mwanvua. Pastory alikuwa ameshanyanyuka nusu kwenye kiti. Mwanvua hakuinamisha uso, ingawa kazi zote za chuo alikuwa ameshazizika moyoni.

Eliakimu akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Mwaka 2016 lilisomwa hapa. Mgeni rasmi alisema amelipokea kwa mikono miwili."

Mtu akacheka nyuma.

"Mwaka 2017 lilisomwa hapa."

"Likapokelewa," alisema mama mmoja aliyebeba shada la maua ya plastiki.

"Mwaka 2018 lilisomwa hapa."

"Likapokelewa," wakasema watu wa safu yake. Mwaka 2019 waliitikia nusu ya turubai. Ilipofika 2022 waliitikia wote kama wanaoitikia dua, na hakuna tena aliyekuwa akicheka. Eliakimu alisoma mpaka 2024. Kisha akashusha sauti.

"Mwaka huu, mheshimiwa, tunakuomba usilipokee."

Akakunja karatasi. Namba nne hakuisoma.

Mgeni rasmi alisimama. Kwenye karatasi yake mwenyewe jibu lilikuwa limeshaandikwa, kila mtu alilijua. "Nime," akasema, na watu mia nne wakamngoja. Akaitazama karatasi, akaigeuza upande wa pili ambao haukuwa na kitu.

"Liko wapi hilo korongo?"

"Mheshimiwa, ratiba," alisema Pastory.

"Nimeuliza liko wapi."

Basi wakateremka. Mgeni mbele na viatu vyake vya kung'aa, Pastory na mwavuli usiohitajika, wahitimu wakishika majoho yasiburuze kwenye tope, wazazi nyuma. Mwanvua aliwapita wote kwa kiwiko. Sauti ya maji aliisikia kabla ya kuyaona.

Ng'ambo ya pili walikuwepo wasichana kama thelathini, wamekaa juu ya mawe wakiwa na nguo zao za sherehe. Asia alikuwa wa kwanza kusimama. Alimwona mgeni rasmi, akanyoosha ule utepe kifuani ulioandikwa MAPOKEZI, akatabasamu kama alivyofundishwa, na akaweka mguu juu ya gogo lililobaki.

"Asia, rudi," alisema Mwanvua. Maji yaliichukua sauti yake palepale.

"Rudi, mwanangu," alisema mgeni rasmi.

Asia hakusikia. Aliona tu midomo inacheza, akadhani anaitwa. Akaweka mguu wa pili. Gogo likabonyea, maji yakapita juu ya vidole vyake. Eliakimu alikuwa anavua joho, kifungo kimegoma. Na yule mzee mnene akashuka mpaka ukingoni, viatu vikazama, akanyoosha mikono yote miwili juu ya maji kumpokea.