Doa Jeupe la Turbo

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua sweta, Nasike, mchoraji wa ramani za miamba, aliweka picha ya rada mezani na kuizungusha mpaka vivuli vya vilima vikaelekea upande wake. Ikikaa kinyume, macho hudanganyika: kilima huzama kikawa bonde. Leo aliizungusha nusu, mkono ukakwama. Barabara ya Webuye. Mto. Kona anayoijua.

Turbo. Kwao.

Ndege ilipiga picha hiyo Februari. Baba yake, Mzee Wepukhulu, alikuwa ameahidi kusimama uani aipungie mkono. "Utaniona huko ofisini kwenu Eldoret," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Walimzika juzi Jumamosi. Jumapili Nasike akarudi mjini. Kesho ukoo mzima ungekaa uani kunyolewa nywele za msiba, kama ilivyo desturi, na kaka yake Khisa alimsihi abaki. Alimjibu kazi ni nyingi. Hapa ofisini waliompa pole aliwaambia, "Niko sawa," na kweli hakuhisi chochote, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Aliinua kioo cha kukuzia. Rada haionyeshi mtu. Hata nyumba za nyasi za majirani hazikuonekana. Pale kwao palikuwa na doa moja tu, jeupe, kali.

Hassan wa meza ya pili akachungulia. "Mwamba huo! Dada, kumbe huko Turbo mnapanda mahindi juu ya mawe?"

Mzee Kituyi, mkuu wao, naye akainama. "Unang'aa kweli. Andika mwamba, Nasike, tuuunganishe na ule ufa wa ardhi tuliouchora. Ramani inaondoka leo."

"Ndiyo, Mzee."

Penseli iligusa karatasi, ikaandika herufi mbili, ikasimama.

"Umechoka?"

"Niko sawa, Mzee."

Lakini penseli haikusogea. Hassan aliacha utani, akavuta kiti karibu.

"Si mwamba," Nasike alisema kwa sauti ndogo, macho kwenye doa. "Ni paa la baba. Mabati yalielekea ndege yakarudisha mawimbi ya rada, ndiyo maana yanang'aa."

Mzee Kituyi alivua miwani.

"Kesho wananyolewa. Nimewaambia kazi ni nyingi. Si kazi, Mzee. Naogopa kuingia pale uani nimkose." Aliweka penseli chini. "Nataka kwenda nyumbani."