Kiberiti Azungumza Mwenyewe

Mtayarishaji wa kipindi cha maisha ya wasanii alikuwa amezoea kuwakuta watu wake wakiwa wameshakufa. Mpiga tarumbeta akizikwa leo, kesho mama huyu yuko sebuleni kwa wafiwa na kinasa sauti chake, akiomba kwa upole friji ichomolewe kwenye umeme kwa sababu inanguruma. Aliuliza swali moja, kisha akanyamaza mpaka mwenyeji aujaze ukimya ule mwenyewe. Wajane walimpenda. Wengine walimwita tena hata baada ya kipindi kwisha, wapate tu mtu wa kuwanyamazia.

Kiberiti alikuwa hai, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

Kiberiti halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Lilikuwa la mwenye nyumba mchoyo katika mchezo wa redio uliorushwa kila Jumapili mchana kwa miaka mingi, na yeye ndiye aliyemwigiza tangu siku ya kwanza. Alikuwa na sauti nene, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa sentensi. Alipokohoa mlangoni kwa mpangaji, familia nzima majumbani ziliacha kutafuna. Watu walimchukia kutoka moyoni. Muuza nyanya alikataa kumuuzia mpaka amrudishe chumbani yule mjane aliyemfukuza wiki iliyopita. Dereva wa teksi alipomtambua kwa sauti alimshusha katikati ya safari. Binti yake shuleni aliitwa Njiti, na jina hilo aliolewa nalo.

Kisha koo likaota uvimbe. Madaktari waliondoa kile kisanduku cha sauti chote, na watunzi wa mchezo wakamsafirisha Kiberiti wa mchezoni ng'ambo, asirudi tena.

Mtayarishaji alipofika nyumbani kwa mwigizaji alimkuta ameketi karibu na dirisha, mrefu, amejifunga kitambaa cheupe shingoni. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ilichukua nusu ya sebule. Ndiye aliyemkaribisha mgeni, ndiye aliyeleta chai, na maswali yalipoanza, ndiye aliyeyajibu.

"Mzee, uigizaji ulianzia wapi?"

"Shuleni," alisema mke. "Alikuwa mfalme."

Kiberiti akatikisa kichwa.

"Basi, mlinzi wa mfalme. Lakini alisikika kuliko mfalme."

Mara mbili mzee aliinua kidole gumba kukipeleka kwenye kitambaa, na mara mbili mkewe alisema, "Pumzika, baba Njiti." Kidole kikarudi gotini.

Wakati wa kuagana getini mtayarishaji aliuliza, "Mama, mzee anaweza kusema?"

"Anaweza. Wamempachika kifaa kidogo humo ndani, akiziba tundu kwa kidole, maneno yanatoka. Lakini si maneno ya kutoka nje ya nyumba, mwanangu. Siku ya kwanza alimsalimia jirani, jirani akaenda kuangalia kama bomba limepasuka." Hakucheka. "Watu wana sauti yake masikioni. Waachie hiyo."

Mtayarishaji alirudi kituoni akajifungia katika maktaba ya sauti. Kanda za Kiberiti zilijaa rafu mbili. Alikuwepo akifoka, akidai kodi, akimnong'oneza polisi, akifumaniwa, akiumwa jino. Lakini mahojiano hata moja hayakuwepo. Mkuu wa vipindi wa enzi zile aliamini kwamba msikilizaji akimsikia Kiberiti akisema "asante kwa kunikaribisha", hatamchukia tena, na mchezo utakufa. Kwa hiyo mtu mwenye sauti iliyojulikana kuliko zote alikuwa hajawahi kusema redioni neno lake mwenyewe.

Mkuu wa sasa hakuliona hilo kuwa tatizo. "Chukua habari zake kwa mkewe, mwandikie maneno, mpe mwigizaji yeyote mwenye koo zito ayasome. Nani atajua?"

Wakafanya hivyo. Mwigizaji alikuwa hodari, hata ule mkwaruzo wa mwisho aliupata. Kabla ya kurusha, mtayarishaji aliona ni adabu kumsikilizisha mwenyewe kwanza.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, viganja vyake magotini. Mkewe aliendelea kushona. Kinasa sauti kilipozimwa, Kiberiti alilegeza kitambaa, akaweka kidole gumba shingoni, na safari hii hakungoja ruhusa.

Sauti ilitoka na pumzi nyingi, mfano wa kiti kinachoburutwa chumba cha pili. "Yule anamwigiza Kiberiti," alisema. Akavuta hewa. "Mimi nyumbani sikusema namna ile."

Cherehani ikasimama. "Ulisema hivyohivyo," alisema mkewe.

"Lini?"

"Uliponiposa. Au uliniposa kwa sauti ya nani?"

Mzee alifikiri. "Ya Kiberiti. Yangu ungeikataa."

Mtayarishaji alinyamaza kama kawaida yake, lakini safari hii hakuwa anamtega mtu. Mama wa nyumba aliunyoosha mkono wa shati alilokuwa akishona, akaukunja, akaunyoosha tena.

"Basi ndiyo hiyo ninayoitafuta humu ndani," alisema hatimaye. "Naamka asubuhi naitafuta. Nikikuita chumbani nangoja ije, inakuja hiyo nyingine. Na wewe unataka kuwapa watu wote hiyo nyingine. Mimi nitabaki na nani?"

Mzee alichelewa kujibu, kwa kuwa pumzi ilikuwa imemwishia. "Anayekujibu ni mimi," alisema.

Mkewe aliondoka kwenda jikoni. Walisikia sufuria zikipangwa ambazo huenda zilikuwa zimeshapangwa. Aliporudi alimwuliza mtayarishaji, bila kumtazama mumewe, "Mtarekodia wapi?"

Walirekodia chumbani kwao. Walitundika mablanketi dirishani, wakafungua milango ya kabati ili nguo zimeze mwangwi. Mke ilibidi akae pale, maana mzee alichoka upesi na baadhi ya herufi zilimponyoka. Hakuweza kabisa kutamka "h": hasira ikawa asira, hapana ikawa apana. Wakakubaliana kwamba akisema sentensi, mkewe airudie.

"Baba yangu alikuwa mpiga chapa," alisema mzee.

"Baba yake alikuwa mpiga chapa, mtu mkali ajabu, mimi mwenyewe alinikataa mwanzoni."

Mzee akagonga ubao wa kitanda. "Sijasema ayo."

"Nimefupisha."

"Umerefusha."

Wakaendelea hivyo alasiri kadhaa. Alisema kwamba alipenda kuchukiwa. Kuchukiwa na watu wengi namna ile kulimfanya aingie sokoni kifua mbele. Alisema kilichomuuma baada ya upasuaji hakikuwa ukimya, bali ugomvi: mpaka ainue kidole, mwenzake ameshafika mbali. ("Siku hizi nashinda mimi," mke aliongeza, na safari hiyo hakugongewa kitanda.) Alisema pia kwamba Jumapili za mwanzo alizima redio mchezo ulipoanza. Baadaye aliacha kuzima, akasikiliza, na akagundua kwamba bila Kiberiti mchezo ulikuwa mzuri zaidi. Wapangaji walipata nafasi ya kuzungumza. Mke alisita kulirudia hilo. Aliangalia maikrofoni, akamwangalia mumewe, kisha akalirudia neno kwa neno.

Mkuu wa vipindi alisikiliza dakika chache, akavua vipokea sauti masikioni. "Msikilizaji atazima redio."

"Wengine watazima," alisema mtayarishaji.

"Angalau zikate hizo pumzi."

"Nikizikata hatakuwa na lolote kati ya maneno. Atasikika kama mashine."

Mkuu hakukubali wala hakukataa. Alikihamishia kipindi saa ya baada ya chakula cha mchana, wakati nusu ya wasikilizaji wamelala.

Kilirushwa hivyo, pumzi zote zikiwemo. Wapo waliopiga simu kulalamika kwamba mgonjwa amedhalilishwa. Wapo waliolia. Mzee mmoja alipiga kusema kwamba Kiberiti amestahili kabisa, kwa alivyomtenda yule mjane, na mwenyewe alipoletewa habari hiyo alifurahi kuliko salamu zote. Binti yake alisafiri kuja nyumbani, akakaa siku nzima, akamrekodi baba akisema jina lake halisi, maana hilo Njiti alikuwa amelichoka.

Baada ya wiki chache muuguzi wa wodi ya magonjwa ya koo alipiga simu kituoni. Alikuwa na mgonjwa, dalali wa mnadani, aliyekuwa amekataa upasuaji. Alisema bora kufa na sauti yake. Je, yule mzee anaweza kuja?

Walikwenda watatu. Dalali alikuwa amekaa kitandani, mnene, sauti yake tayari imekauka na kubaki nusu. Alimtazama Kiberiti shingoni bila haya.

"Unaweza kupaza sauti?"

"Apana," alisema Kiberiti.

"Hapana," mkewe akarudia.

"Nimesikia, mama." Dalali alimgeukia tena mzee. "Kupiga mluzi?"

Kiberiti akatikisa kichwa.

"Sasa unaweza nini?"

Mzee aliketi ukingoni mwa kitanda, akaziba tundu. "Kubisha," alisema. "Polepole." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Na uyu."

Dalali alitaka kucheka, akakohoa badala yake, akakohoa sana mpaka muuguzi akaja. Alipotulia, alimwomba mkewe Kiberiti asogeze kiti karibu. Alitaka kujua ilichukua muda gani kabla hajaanza kuielewa ile sauti. Mama alimweleza kwa kirefu, na mumewe hakumkatiza. Mtayarishaji aliwaacha wakizungumza. Alikuwa ameahidi kufika kwa mjane wa mchoraji wa mabango kabla jua halijazama.

Dalali alifanyiwa upasuaji mwezi huohuo.