Daftari la Wageni wa Kichuguu

"Mchanga wa boma yangu unaenda wapi, Mama Marion? Swali langu ni hilo tu. Unaenda wapi?"

"Unaniuliza kama mimi ndiye polisi wa mchanga."

"Nakuuliza kwa sababu kila asubuhi nakuta kichuguu kimemegwa, na kila jioni ni mtoto wako amekaa hapo na kalamu. Mtu anakaa na mchwa miezi miwili anatafuta nini? Kwenu Isebania mchanga wa watu mnafanyia nini?"

"Kwetu tunaulimia."

Jiko langu liko hatua ishirini kutoka hapo, na sauti ya Leonida haihitaji hata hizo ishirini. Nikaepua sufuria, nikaja nikijifuta mikono kama mtu aliyekuwa anapita tu. Leonida alisimama upande wake wa ua wa ojuok, ile minyaa yenye maziwa makali, kopo la dawa ya mchwa mkononi. Robi, ndiye Mama Marion, fundi wetu wa nguo, alisimama upande wake, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Katikati yao, penye pengo la ua, kichuguu kilikaa mpakani bila kujali ni cha nani. Mzee Omondi, anayechimba kila kitu hapa Sori, alikuwa ameketi juu ya mpini wa jembe lake akingoja waelewane.

Sitamlaumu Leonida. Huku kwetu udongo wa boma ukianza kuondoka kidogo kidogo, hakuna anayefikiria upepo. Tunafikiria mtu. Tunafikiria mtu anayeupeleka kwa mganga ukafanyiwe kazi. Na Leonida ana kidonda chake: mwanawe Obare ameoa mwaka wa nne huu, msichana mzuri, Phelesia, tunamwita nyar Sindo kwa sababu ametoka Sindo, na nyumba bado ni kimya. Leonida hakulitaja hilo. Alisema tu kwamba leo anamwaga dawa, kesho Omondi anang'oa, na mchanga utabaki kwa mwenyewe.

Aliyeumia hapo ni Marion, binti wa Robi, yuko gredi ya tano. Mwalimu wao, Bwana Nyamweya, aliwaambia kila mmoja achague mahali pamoja, akae hapo kila siku muhula mzima, aandike kila kiumbe kinachokuja. Wengine walichagua choo cha shule kwa sababu ya buibui, na ukarabati ukafagia kila kitu wiki ya pili. Marion alichagua kichuguu. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Ijumaa mwalimu alikuwa anakuja kukiona mwenyewe.

"Mama Obare," mtoto akasema, daftari amelibana kifuani, "nipe mpaka Ijumaa. Baada ya Ijumaa mwage."

"Ijumaa mwalimu wako ataona kaburi ya mchwa. Ataandika pia."

Robi akashika kiuno. "Marion, soma hiyo kitabu yako. Soma yote, wasikie kama kuna mahali umeandika umebeba mchanga."

Mtoto akasimama wima kama yuko gwaride, akasoma.

"Mgeni wa kwanza: ndege mweusi na mweupe, hutikisa mkia hata akiwa hana sababu. Hula mchwa wanaotengeneza ukuta. Siku ya kumi na moja alipigana na kioo cha pikipiki ya Obare dakika tisa. Hakuna aliyeshinda."

Omondi akacheka puani.

"Mgeni wa pili: buibui mdogo wa kijivu. Hatengenezi wavu, huruka kama paka. Nimemwona akirukia nzi mara sita. Alishika mmoja. Mara ya tano aliangukia mgongo wa kuku, wakaenda naye.

"Mgeni wa tatu: kuku wa Mama Obare. Wamekuja mara kumi na nne. Mama amewafukuza mara kumi na nne. Mara tatu alisema maneno ambayo siandiki."

"Maneno gani?" Leonida akauliza.

"Endelea kusoma," Robi akasema.

Akaendelea. Sungusungu weusi waliokuja kwa mstari, wakaingia shimoni mikono mitupu, wakatoka kila mmoja na mchwa wake mdomoni. Mjusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa anayepiga pushapu akiona mjusi mwenzake. Shore. Kunguru. Nyigu anayechota tope pembeni na kulijengea nyumba ndani ya tundu la kufuli yetu. Hapo ndipo nilipojua ni nani alinifungia nje siku ile, na mimi nilikuwa nimemnunia shemeji yangu wiki nzima.

"Siku ya kumbikumbi," Marion akasoma, "walikuja ndege wa aina saba na watu wa nyumba tano. Sikuandika zaidi kwa sababu nilikuwa nakula."

Hata Leonida midomo ilitaka kucheka, akaikaza. "Na mchanga?"

"Bado, Mama Obare. Mgeni wa tisa." Akafungua ukurasa. "Hana mbawa. Ana miguu miwili. Huja asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla niende shule, siku karibu zote. Huangalia kushoto na kulia. Hugonga kichuguu kwa kijiko, humega kipande kimoja, hula hapo hapo. Kisha hufuta mdomo kwa pindo la leso aliyojitanda."



"Anakula?" Leonida akauliza polepole.

"Anatafuna. Nasikia."

"Nani?"

"Sikuandika jina. Mwalimu alisema kama hujaona vizuri usiandike jina, andika ulichoona. Huwa amenipa mgongo."

"Leso gani?"

Marion akafuata mstari kwa kidole. "Ya manjano, ina michoro ya korosho nyekundu pembeni."

Leonida aliinunua leso hiyo mwenyewe, soko la Karungu, nilikuwa naye, alipunguziwa bei baada ya kumtukana muuzaji kidogo. Alimpa mke wa mwanawe. Na hapakuwa na mwanamke pale ambaye alihitaji kuelezwa mke wa mtu anaanza lini kuamka alfajiri kutafuta udongo. Mimi nikiwa na mimba ya Wesley nilikula kona nzima ya jiko la mama mkwe.

Nilidhani Leonida atapiga vigelegele. Badala yake aliliangalia kopo mkononi, uso ukamshuka.

"Jana nilikuwa nimwage," akasema. "Mvua ndiyo ilinizuia."

Akalisukuma kifuani mwa Omondi. "Rudisha hii dukani."

"Hawarudishagi pesa, mama."

"Nani amesema pesa? Itoke tu kwa boma yangu. Na jembe liende nayo."

Kisha akavuka pengo la ua, akachuchumaa mbele ya Marion, sauti chini. "Mtoto wangu, hiyo ukurasa moja. Itoe. Mambo kama hayo hayatangazwi mapema, kuna macho."

Marion akatazama daftari, akamtazama mama yake. "Mwalimu ameandika namba kila ukurasa. Na alisema ulichoona haking'olewi. Nikitoa mmoja, ataniuliza mengine pia nilidanganya wapi."

"Nitaongea na mwalimu."

"Basi atajua zaidi," Robi akasema, na sote tukaona kweli.

Mlango wa jikoni kwa Leonida ukafunguka. Phelesia akatoka, leso yenyewe begani. Alikuwa amesikia kila kitu. Kuta zetu ni mabati. Akaja moja kwa moja, akapokea daftari, akasoma ukurasa wake akiufuata kwa kidole.

"Si kijiko," akasema. "Ni msumari."

Marion akatoa kalamu.

"Na si kipande kimoja. Ni vitatu. Siku ya mvua vinne, mvua inakifanya kinukie."

"Vinne," Marion akaandika.

"Leso iache, nusu ya Sori wanayo. Jina usiandike. Andika 'mtu mzima'." Akamgeukia mama mkwe, kichwa akainamisha. "Mama, nilitaka mwezi wa nne ufike kwanza ndipo nikwambie."

Leonida alimvua leso begani, akamfunga kiunoni vizuri, mara mbili, kama anayefunga mzigo wa safari ndefu. Akapenga kamasi. Kisha akamgeukia Robi.

"Mama Marion. Ile ya Isebania nilisema vibaya."

"Nimesikia."

"Nina mbuta motoni, kubwa, Obare ameileta asubuhi."

"Niko na gauni ya mtu kwa cherehani."

"Gauni haiozi, samaki inaoza. Pita hapa hapa kwa pengo, inamisha kichwa maziwa ya ojuok yasikuguse. Marion, lete hicho kitabu, utanisomea ile ya kuku tena. Na wewe Mama Wesley, usijifanye unaondoka. Nawa mikono, uingie ule."