Ubeti wa Kaka Ambakisye

Usiku wa kuamkia jana niliota niko dukani kwangu, saa nne asubuhi, na kicheza muziki cha kaka yangu kikaingia kwa miguu yake.

Kilikuwa kilekile: cha buluu, ukubwa wa kiberiti, kimekwaruzwa upande mmoja. Kilipangusa miguu mlangoni, kikaketi kwenye benchi la wateja na kusubiri nyuma ya mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti. Zamu yake ilipofika, kikaniambia kimekuja kujazwa.

Nikakiuliza kinataka nyimbo gani.

"Zile ulizozitoa," kikajibu.

Hapa sina budi kusema mambo ambayo si ya ndotoni. Mimi naitwa Atuganile, na nina steshenari pale Mwanjelwa, Mbeya. Natoa kopi, nachapa barua, na naingiza nyimbo kwenye simu na flashi za watu. Kazi hiyo naijua vizuri, na ndiyo maana sina kisingizio.

Kaka yangu Ambakisye ni mwalimu mstaafu, anaishi Tukuyu. Miaka miwili iliyopita macho yake yalianza kuzima kwa presha ya macho. Akaniletea kicheza muziki chake nimwongezee nyimbo, kwa sababu, alisema, mtu asiyeona huchoka kujisikiliza mwenyewe. Kuongeza, ndilo neno alilolitumia. Ndani yake mlikuwa na kitu kimoja tu, sauti ya marehemu mama yetu akiimba. Kaka alikuwa ameitoa kwenye kaseti kwa kutumia kompyuta ya shule alikokuwa akifundisha. Kaseti ilishatafunwa na redio, na kompyuta ya shule ilishafunguliwa ikawa vipuri.

Mama alikuwa mchumaji wa chai. Alitunga wimbo ambao kila mtoto wake alikuwa na ubeti wake, na aliutunga kwa Kiswahili kwa sababu katika kambi ya wachumaji waliishi watu wa makabila mengi na alitaka wote wajue anajivunia nini. Ubeti wangu naujua. Unasema Atuganile wangu, mguu mmoja kiatu, mguu mmoja matope. Aliniimbia mpaka nikaanza kuona haya mbele ya wenzangu. Ubeti wa kaka siujui. Nilipopata akili yeye alikuwa kijana mwenye ndevu, hakuna aliyekuwa akimwimbia tena. Siku kaka aliponiletea kicheza muziki nilikuwa nao kiganjani mwangu, na sikuusikiliza hata mara moja.

Nilipochomeka waya, kompyuta yangu ikaniambia kwamba kifaa kile kimezoeshwa kompyuta nyingine, yenye mfumo mwingine, na nikiendelea vyote vilivyomo vitafutika. Ikauliza kama niendelee. Kulikuwa na watu watatu wanangoja. Nikabonyeza Ndiyo, nikaingiza nyimbo mia nne.

Kaka alipouliza sauti ya mama iko wapi, nilimwambia kicheza muziki kilikuja kitupu. Akasema labda ni yeye aliyebonyeza vibaya, kwa kuwa haoni. Nikamwacha aamini hivyo.

Basi. Kule ndotoni kicheza muziki kiliniambia hakitapokea wimbo wowote kwangu mpaka nikalete nilichokitoa. Kikanipa ncha ya waya, nikajifunga kiunoni. Ncha ya pili kikaishika chenyewe, kikakaa sawasawa kwenye benchi.

Nafungua mlango wa nyuma wa duka, ule wa kuendea chooni. Choo hakipo. Kuna kituo cha mpakani chenye bendera, na nyuma ya meza ameketi Swali, lile la kompyuta lililoniuliza siku ile. Amevaa sare iliyopigwa pasi. Kiganja chake cha kulia kimeandikwa Ndiyo, cha kushoto kimeandikwa Hapana.

Ananiuliza natoka mfumo gani. Nasema wa dukani. Naenda mfumo gani? Nasema wa shuleni. Anaandika yote mawili, kisha anainua uso.

"Nakukumbuka," anasema. "Ulinibonyeza kabla sijamaliza kusema."

Namwambia kulikuwa na foleni.

"Foleni ilikuwa ya watu watatu. Mimi nilikuwa na maneno kumi na sita."

Nikamwomba ruhusa nipite nikatafute wimbo wa mama yangu. Akasema huko ninakoenda watu hawaingii mikono mitupu. Lazima nibebe wimbo, ili wajue ni wa ukoo gani ninaoutafuta. Nikatoa ule nilio nao, ubeti wangu. Ulikuwa mfukoni muda wote, umekunjwa kama leso.

Swali akaukunjua, akaugeuza, akatikisa kichwa. Akasema muundo wake haujulikani kule, ni nguo ya kigeni, lazima ushonwe upya. Akanielekeza kwa fundi cherehani aliyeketi palepale chini ya bendera.

Fundi alikuwa mzee mpole asiyejua kunyamaza. Huku akikanyaga cherehani alinieleza kwamba nyimbo zote zinazovuka hupitia kwake, na kila anayoishona hupungua kidogo, sehemu ambayo wengi hawaisikii. Nikamuuliza kwangu atapunguza nini. Akasema ile pumzi anayovuta mama kabla ya kutaja jina langu. Nikamsihi aiache. Akasema angependa, lakini kule hakuna kifungo cha kuishikia. Akaikata kwa mkasi, ikaanguka chini kati ya vitambaa vingine, na mimi nikapokea ubeti wangu ukiwa mfupi. Niliutia mfukoni bila kuutazama.

Swali akainua kizuizi. Upande wa pili ilikuwa Tukuyu, lakini yote ilikuwa ndani ya darasa moja. Mvua inanyesha kwenye madawati ya mbele, ya nyuma ni makavu. Migomba imeketi miwili miwili. Ubaoni kaka yangu anaandika, ana miaka thelathini, na anaona vizuri kabisa. Hata kabla hajageuka ananiambia kola yangu imekunjika.

Natengeneza kola.

"Umekuja kuchukua," anauliza, "au umekuja kufuta?"

Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno: kaka, ni mimi, nilibonyeza, sikusoma, nisamehe. Nikafungua mdomo, na mdomo ukasema:

"Kilikuja kitupu."

Nikajaribu tena. Kilikuja kitupu. Nikajishika koo, nikatafuta kitufe cha kusogeza mbele, nikakipata chini ya sikio, nikakibonyeza. Mdomo ukaruka kidogo, ukarudi mwanzo. Kilikuja kitupu. Migomba ikaandika kwenye madaftari. Kaka akasikiliza mara zote hizo kwa adabu, kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayekariri jibu lisilo sahihi, halafu akasema yale aliyoyasema siku ile, kwamba labda ni yeye aliyebonyeza vibaya.

Akachukua dasta akaanza kufuta ubao. Kila alipofuta, macho yake yalipungua rangi. Mimi nilimwona, nikasimama palepale, kwa sababu nikifungua mdomo najua kitakachotoka.

Alipofika katikati ya ubao nikamshika mkono. Hilo niliweza, kwani mikono yangu haikuwa imerekodiwa kitu. Nikampokonya dasta, nikaiweka juu ya kabati ambako hafiki. Akapapasa kidogo ukutani, kisha akaniachia njia, akanionyesha mlango wa stoo ya vitabu. Akasema mama yuko humo, ila niwahi, maana zimebaki dakika mbili.

Stoo ni kambi ya wachumaji. Mama ameketi juu ya kapu lililopinduliwa. Kwenye ukuta nyuma yake kuna mstari mrefu unaojijaza kijani kutoka kushoto kwenda kulia, na chini yake imeandikwa: dakika mbili. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuacha kuchambua majani, akaniambia nisogee, nimemzibia mwanga.

Sikumwambia lolote kuhusu kubonyeza. Mama hakuonekana kujua kwamba amefutwa. Nilimwomba tu aimbe ubeti wa kaka. Akacheka, akasema huo ni wa zamani, Amba amekuwa mkubwa, ataona haya. Nikasema haoni haya. Haoni chochote, mama.

Akaacha kuchambua. Akavuta pumzi, ile niliyokatiwa mpakani, nzima kabisa. Akaimba.

Niliusikia wote. Ulikuwa na mistari minne. Ulipita kwenye waya kiunoni mwangu, nikausikia unavyoshuka, wa moto, kuelekea dukani ambako kicheza muziki kilikuwa kikinisubiri kwenye benchi. Ukuta ukasema dakika moja. Halafu sekunde ishirini. Mama akaendelea kuimba hali ananitazama, na nilichofikiri wakati ule, nakiri, ni kwamba nitampelekea kaka na hatajua kamwe kilichotokea. Sitahitaji kusema.

Sekunde tano. Nikageuka nikakimbia, ili niwahi dukani.

"Atu," mama akasema nyuma yangu, "unaondoka bila kuaga?"

Kwenye kazi yangu kuna kanuni ambayo kila mteja namwambia: usichomoe waya kabla hujakiaga kifaa, utaharibu vilivyomo. Nimeisema maelfu ya mara. Nilipofika mlangoni waya ukanasa kwenye kapu, ukavutika, ukachomoka kiunoni. Ukatoa mlio mdogo kama wa tone la maji.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nililala kimya, nikajaribu kuukamata ubeti kabla haujamwagika. Mstari wa nne ulikuwa umeshakwenda. Wa tatu nilikuwa na mwendo wake tu, bila maneno. Nilipoufuata huo nikapoteza wa pili, na kabla sijageuka hakukuwa na kitu, nimebaki na ule wangu wa kiatu na matope. Nililia kidogo, bila sauti.

Mume wangu Ntandu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akifunga saa. Yeye ni mtu wa Singida, hamjui mama yangu. Mama alifariki kabla hatujaoana. Aliniuliza kama nimeamka salama. Nikasema salama. Akasema anauliza kwa sababu niliimba usingizini karibu na alfajiri, na hakutaka kuniamsha kwa kuwa wimbo ulikuwa mzuri.

"Ila sikuelewa, Mama Lugano," akasema. "Kwa nini Amba wako anachota maji kwa ungo?"

Nilimwambia arudie. Akarudia: Amba wangu, achota maji kwa ungo. Alidhani nilikuwa namtania kaka.

Sikuwa nimewahi kusikia habari ya ungo. Si kwa mama, si kwa kaka, si kwa mtu yeyote pale nyumbani.

Nilichukua simu nikampigia kaka kabla sijanawa uso. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za watoto. Nikafungua mdomo kwa woga mkubwa, nikijua unachoweza kunifanyia.

"Kaka, kile kicheza muziki hakikuja kitupu. Mama alikuwemo. Nilimfuta mimi, na nikakudanganya."

Nikamsikia akikohoa, na redio yake ikipunguzwa sauti.

"Najua," akasema. "Asubuhi ile ile niliyokuletea, nilikuwa nimemsikiliza kwenye basi."

Kwa miaka miwili alijua. Nilimuuliza kwa nini alisema ni yeye aliyekosea. Akasema alikuwa ananifungulia mlango nitoke, akadhani nitatoka siku mbili tatu baadaye. Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa nafuu kama angesema kwa ubaya.

Kisha nikamuuliza juu ya ungo. Ikabidi nitazame simu kama imekatika. Akaniuliza nani kaniambia. Sikujua niseme nini, nikasema nimeota. Akanieleza taratibu kwamba alipokuwa na miaka minne mama aliugua, naye akataka kumletea maji kutoka kisimani, na ndoo zote zilikuwa nzito, akachukua ungo. Alikwenda na kurudi mara nyingi, kila mara anafika na ungo ulioloa tu, mpaka majirani wakamkuta analia njiani. Mama akamtungia ubeti. Yeye mwenyewe alikumbuka ungo, lakini maneno yaliyofuata yalikuwa yamemtoka ndani ya miaka hii miwili, na kila alipojaribu kuyakumbuka aliishia kuimba ubeti wangu.

"Uliota na mistari mingine?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kutumaini.

Nilimwambia nilikuwa nayo yote, nikaipoteza nilipoamka. Akasema basi, haidhuru. Alisema haidhuru mara mbili.

Nikamgeukia Ntandu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi. Nikamuuliza nini kingine alisikia. Akasema mengine yalikuwa chini chini, labda maneno mawili, labda matatu, na hana uhakika, na yeye si mwimbaji. Nikaweka simu kwenye spika, nikamwomba ajaribu hivyo hivyo.

Akaona aibu. Akajikohoza, akafumba macho, akaanza, kwa sauti nzito isiyofuata mwendo wowote ninaoujua. Kule Tukuyu redio ikazimwa kabisa.

Alipofika alipoishia, akaniangalia kuomba radhi. Kisha kaka yangu akasema, polepole, nimwambie shemeji arudie.