Alama Nyeupe Juu ya Nati

Povu lilitoka palepale lilipotoka jana.

Fundi Taratibu aliinama zaidi chini ya boneti, kitambaa cha maji ya sabuni mkononi, akalitazama likivimba na kupasuka kwenye shingo ya bomba. Kompresa ilikuwa inasukuma hewa ndani, na hewa ilikuwa inatoroka mahali alipokaza mwenyewe. Aliigusa klipu ya chuma inayobana mpira wa bomba hilo. Ilizunguka kwa vidole viwili tu.

"Nini tena?" akauliza mwenye gari, aliyesimama mlangoni. Watu walimbandika jina la Dada Vumbi, kwa kuwa kwenye mashindano ya kupanda mlima wenzake hawakuwa wakiona kitu kingine chake.

"Hewa inavuja, dada."

"Jana pia ulisema hewa inavuja."

"Ndiyo. Ni palepale."

Hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. "Mashindano ni Jumapili, fundi," alisema kwa upole. "Kesho asubuhi nalichukua, likiwa zima au bovu. Likiwa bovu nalipeleka kwa wengine, na watu wakiniuliza kwa nini, sitawadanganya."

Akaondoka. Taratibu alibaki na kitambaa chake kinachochuruzika. Gereji yake ilikuwa bado changa, na Dada Vumbi alikuwa mtu wa kwanza mwenye jina kumwamini. Mtaa mzima ulikuwa umecheka: tangu lini mtu anayeitwa Taratibu akaongeza gari kasi? Naye dada akawajibu kwamba gari likipanda vizuri, jina la gereji litaandikwa mlangoni mwake, lionekane na kila mtu aliyejipanga kando ya barabara ya mlimani.

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa turbo ndogo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, na kufunga kubwa, na tangu siku ya kwanza gari lilimtoa jasho. Kwanza injini ilivuta hewa nyingi ikakosa mafuta, akabadilisha pampu. Kisha ikawa ukiikanyaga sana inakohoa, kwa sababu upepo ulikuwa unazizima cheche za plagi. Akazitoa plagi moja moja, akapunguza nafasi zake, kikohozi kikaisha. Hayo hayakumsumbua moyo. Ukimpa mtu kifua kikubwa, shurti umwongezee na chakula. Lililomsumbua ni hili la tatu. Jioni alikuwa akikaza nati ya klipu, gari likaruka vizuri barabarani, akalala na furaha yake. Asubuhi analiwasha, linapiga mluzi, linatoa moshi mweusi, halina nguvu hata ya kumpita mwendesha baiskeli. Alibadilisha klipu akidhani ni feki. Alibadilisha mpira. Jioni gari zima, asubuhi bovu.

"Nilikwambia," ilisema sauti kutoka kwenye kiti cha mlangoni.

Huyo alikuwa Mkongwe, aliyemfundisha kazi tangu Taratibu hajui hata kushika spana. Ugonjwa ulikuwa umemwachia mikono inayotetemeka. Kijiko kikigusana na kikombe chake, gereji yote ilijua mzee anakoroga chai. Alipofunga gereji yake, Taratibu alimleta hapa, akamwekea kiti mahali ambapo kila mteja angemsalimu kwanza. Akampa na ufunguo, kwa kuwa mzee aliamka na majogoo na kukaa nyumbani kulimchosha.

"Nilikwambia, haitabeba," aliendelea Mkongwe. "Injini hiyo ni punda, nanyi mnataka avute treni. Upepo wenyewe unafungua nati. Mrudishie mtu gari lake, mwanangu. Kushindwa si aibu."

"Labda, Mwalimu," alijibu Taratibu, na alimaanisha. Jana usiku alikuwa amemwambia mkewe kwamba huenda mikono yake imeanza kusahau kukaza. "Mikono hiyo?" mkewe akacheka. "Chupa ya chai ukiifunga wewe, naomba msaada kwa jirani." Yeye hakucheka. Kila nati aliyoikaza aliichora mstari mweupe, unaoanzia juu ya nati na kuishia kwenye bolti yake, ili nati ikijizungusha hata kidogo mstari ukatike. Mkongwe ndiye aliyemfundisha alama hiyo. Na mstari wa nati ya klipu hii, kila asubuhi, ulikuwa mzima. Nati imelegea, mstari mzima. Hilo ndilo lililokuwa likimtia wazimu.

Alichukua taa, akaisogeza karibu. Akaitazama mistari yake yote, nati baada ya nati. Myembamba, imenyooka, imechorwa kwa mkupuo mmoja. Akarudi kwenye hii.

Mstari ulitetemeka.

Ulikuwa umechorwa kwa uangalifu mkubwa. Palionekana mahali brashi iliposimama, ikapumzika, ikajaribu tena. Mtu alikuwa ameufuta mstari wa kwanza, akailegeza nati, akachora mwingine, huku akihangaika na mkono uliokataa kumtii.

Nyuma yake kijiko kiligonga kikombe.

Taratibu hakugeuka. Akashika ukingo wa gari. Maumivu yale hayakuwa ya gari. Asubuhi zote hizo mzee alikuwa amekaa pale akinywa chai yake, akimtazama anavyojitilia shaka, akimwita mwanangu.

Akaikaza nati. Akachora mstari. Akafunga boneti.

"Mwalimu, twende tukalijaribu. Kaa mbele."

Walitoka mpaka kwenye barabara ndefu iliyo nje ya mji. Taratibu akakanyaga. Turbo ikaamka, gari likavuta, na mgongo wa mzee ukagandamana na kiti. Hapakuwa na mluzi, wala moshi, wala kikohozi. Walipanda mlima kana kwamba haupo.

"Linabeba," alisema Taratibu.

Walipofika juu, Mkongwe aliitikia kwa kichwa. "Linabeba," alisema.

"Kwa nini, Mwalimu?"

Mzee aliitazama mikono yake, iliyokuwa ikicheza juu ya mapaja. "Nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba halitabeba," alisema.

Basi. Taratibu aligeuza gari kurudi mjini.

"Ungeniambia mimi," alisema mwishowe. "Ningewaambia kwamba wewe ndiye uliyenionyesha namna."

Alimfikisha mzee hadi mlangoni kwake. Mkongwe hakushuka mara moja. Aliingiza mkono mfukoni, akahangaika nao humo, akautoa ufunguo wa gereji na kuuweka juu ya dashibodi. Ilimchukua muda kuulaza. Kisha alisubiri kidogo, pengine aambiwe aurudishe mfukoni.

"Pumzika, Mwalimu," alisema Taratibu.

Njia nzima ya kurudi gari lilivuta vizuri kuliko gari lolote alilowahi kulitengeneza, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Kwenye kona ya kwanza ufunguo uliteleza hadi upande wake. Kwenye iliyofuata ukarudi upande wa kiti kitupu. Hakuugusa.